Kubana picha za samaki: bando analipa nani?

Mwuza mbuta wa ufuo wa Dunga, Kisumu, akitaka mteja wa Nairobi, hutanguliza picha kabla ya mzigo. Mteja huangalia macho na matamvua: matamvua yakiwa mekundu, samaki bado ni mbichi. Fundi anayemtengenezea programu ya kuuzia ana maktaba nyingi za kubana picha hizo, na zenyewe hazina bei. Libjpeg-turbo, mozjpeg, libwebp, Pillow ya Python: zote ni za bure, na leseni zake zinaruhusu biashara. Gharama iko kwenye bando la intaneti.

Chukua GB 1 kwa shilingi 99. Picha ya MB 4 hula takriban senti 40. Anayetuma picha 50 kwa siku, siku 25 za mwezi, anatumia karibu shilingi 480. Zikibanwa hadi KB 250 kila moja, mwezi mzima ni shilingi 30.

Njia rahisi kwa fundi ni kuweka Pillow kwenye seva, picha ifike nzima ndipo ibanwe. Seva inapata nafasi na picha inamfungukia mnunuzi haraka, lakini mwuzaji ameshalipia MB 4 zote. Mimi siikubali njia hiyo. Picha ibanwe kwenye simu kabla ya kuondoka ufuoni. Android ina Bitmap.compress ndani yake, kivinjari kina canvas. Hakuna cha kununua.

JPEG, kiwango cha 1992, hufunguka popote. WebP ya Google ilikuja 2010, na kwa vipimo vya Google wenyewe faili zake ni ndogo kuliko za JPEG kwa asilimia 25 hadi 34 kwa ubora uleule. iPhone ziliipokea mwaka 2020 kwa iOS 14. Kwa picha za boti au beseni la omena, nachagua WebP bila kusita. Matamvua ni habari nyingine. WebP inayopoteza ubora hupunguza vipimo vya rangi kwa nusu kila upande, na huwezi kuizuia. Mistari myembamba myekundu hufifia. JPEG hufanya hivyo pia kwa kawaida, ila libjpeg-turbo hukuruhusu kubakiza rangi nzima. Bitmap.compress haikupi chaguo hilo, hivyo fundi ataingiza maktaba yenyewe ndani ya programu. Ni saa za kazi za kulipia, na kwa anayeuza kwa macho ya mteja, zinastahili. Muundo mwingine, AVIF, hubana zaidi ya hizi mbili, lakini huchosha simu ya bei ndogo.

Kufungua nako kuna gharama yake. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa hukalia MB 48 za kumbukumbu, baiti 4 kwa kila pikseli, hata kama faili ni KB 300. Orodha ya picha kumi inaweza kuiangusha programu kwenye simu ya RAM GB 2. Ukiweka chaguo la Android la inSampleSize kuwa 4, picha hiyohiyo inachukua MB 3.

Picha ya skrini ya ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha malipo usiigeuze JPEG, kwani herufi huchafuka kingoni. Tumia PNG, au WebP isiyopoteza kitu. Na picha halisi ya samaki ibaki kwenye simu mpaka mzigo upokelewe, kwa sababu kila JPEG inapohaririwa na kuhifadhiwa upya hupoteza ubora tena.