Chakula Moto na Karatasi ya Plastiki

  Leo tunauliza: asubuhi unapokwenda kuchuma majani chai, chakula cha mtoto umekifungia ndani ya nini?

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku hapa Kenya. Hata hivyo, karatasi za mkate na pakiti za maziwa bado zimo jikoni mwetu. Wengine huziosha na kuzifungia ugali au viazi vya moto. Tuache tabia hii. Joto na mafuta huweza kufanya kemikali za plastiki ziingie katika chakula. Wengine huwashia moto. Moshi wake una sumu, na huwadhuru zaidi mama mjamzito na mtoto mchanga aliye karibu na meko.

Tufanye nini? Jibu liko nyuma ya nyumba: jani la mgomba. Majirani zetu wa Uganda hupika matoke yakiwa yamefungwa ndani ya majani hayo. Fanya hivi:

1. Kata jani bichi lisilopasuka, mahali pasipopuliziwa dawa.
2. Ondoa uti wa kati, kisha lioshe pande zote mbili kwa maji safi.
3. Lipitishe juu ya makaa mpaka ling'ae na kulainika. Sasa halitapasuka ukilikunja.
4. Funga chakula, ukaze kwa kamba ya mgomba.

Likishatumika, litupe kwenye shimo la mbolea. Usilitumie mara ya pili.

Viwanda navyo hutumia mimea. Nyuzi za shina la mgomba, ambalo wengi hulitupa baada ya kuvuna, hutengenezwa karatasi. Protini ya mahindi iitwayo zeini haiyeyuki katika maji, kwa hiyo hufanywa utando mwembamba wa kufunika peremende na vidonge vya dawa. Vitu hivi huoza vikarudi udongoni. Plastiki haiozi hivyo.

Lakini kumbuka, mama, jani si friji. Chakula kilichofungwa asubuhi kiliwe mapema siku hiyo hiyo. Uji na maziwa ya mtoto viwekwe katika chombo safi chenye kifuniko.

Jaribu leo, kisha umfundishe jirani.