Mikindani na Miji Midogo ya Kusini

Mwezi huu twataka kuwaelezeni habari za miji midogo na vijiji vya upande wetu wa kusini, tangu Mikindani hata Mto Ruvuma. Watu wa mbali hudhani ya kuwa mji hufa kwa vita au kwa maradhi. Sisi tukaao huku twajua kwamba mji waweza kupungua kwa amri moja iliyoandikwa mezani.

Mikindani zamani ulikuwa mji wa biashara kubwa. Majahazi yalikuja kwa kaskazi yakarudi kwa kusi, yakichukua pembe za ndovu, sandarusi, mtama, na, kwa huzuni yetu, wanadamu, hata Sultani Barghash wa Unguja alipokubali mwaka 1873 kufunga masoko ya watumwa. Daktari Livingstone alishuka hapa mwezi wa Machi 1866, akashika njia ya Ruvuma, asirudi tena kwao akiwa hai. Mwaka 1895 Wadachi walijenga boma lao, na Waingereza walipowafuata wakaketi humo humo.

Hata mwaka 1947 makao ya serikali yakahamishiwa Mtwara. Sababu ni maji: ghuba ya Mikindani yawafaa wenye majahazi, bali meli kubwa zataka kina, nacho kiko Mtwara. Mwendo wenyewe ni kilomita kama 10, mtu huenda kwa baiskeli akarudi kabla ya adhuhuri. Lakini makarani walihama, wenye maduka wakawafuata, na nyumba za mawe zikaanza kuota miti ukutani. Boma lilikaa bovu miaka mingi, kisha likatengenezwa, likawa nyumba ya wageni. Twaona ni heri kuliko kuanguka, ingawa mvuvi wa hapa haiwezi bei ya kulala humo.

Mtwara nao ulijengwa kwa tumaini la karanga. Waingereza walifyeka mashamba makubwa Nachingwea, wakaweka na reli. Mpango ukavunjwa 1951, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960.

Juu ya uwanda wa Makonde, huko Newala na Tandahimba, shida ni nyingine. Udongo ni mchanga, mvua huzama, wala hakuna mto. Wazee walijenga juu, mbali na mabonde, na kina mama wakatelemka kuchota, wakapanda tena na mitungi kichwani, kazi ya saa nyingi kila siku. Katika miaka ya 1950 mitambo ilianza kusukuma maji kutoka bondeni. Nayo ikiharibika, ndoo hurudi kichwani.

Fedha ya watu hawa ni korosho. Tangu 2007 mkulima huipeleka ghalani kwa chama chake cha msingi, hupewa stakabadhi, kisha hungoja mnada. Kungoja huko ndiko kunakowachosha watu, kwa kuwa karo ya mtoto haingoji. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali iliamuru jeshi lichukue korosho kwa shilingi 3,300 kila kilo. Bei ilipendeza, lakini wako waliokaa miezi mingi bila kuiona fedha yenyewe. Wala hatuwalaumu vijana wanaopanda basi kwenda Dar es Salaam wakiuacha mkorosho kwa babu yao.

Mwisho wa nchi ni Ruvuma. Ng'ambo yake, karibu na mlango wa mto, kuna Kionga, ambayo Wadachi waliwanyang'anya Wareno mwaka 1894, ikarudishwa kwa Wareno 1919. Watu wa Kionga hawakuhama. Mpaka ndio uliohama, mara mbili. Kwa hiyo nyumba nyingi za kando ya mto zina ndugu pande zote mbili. Mwezi wa Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji wakakivamia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tangu hapo mgeni anayeshuka mtumbwini huulizwa maswali mengi, hata akiwa ni shangazi wa mtu aliyekuja mazishini.