Je, Wajua Kuwa Saruji Yaweza Kuulowesha Ukuta?

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Maji ya ardhini hupanda ndani ya vitundu vya ukuta huo kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi, na hukoma pale ambapo hewa inayakausha kwa kasi ileile yanayopandia. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu vingi, kwa hiyo unyevu hupita ukapotelea hewani. Ukuta wa namna hii hauzuii maji kuingia. Kinga yake ni kuyaacha yatoke.

Kwa sababu hiyo naiona lipu ya saruji kuwa dawa mbaya kwa nyumba hizi. Ikipigwa, ukuta huonekana mkavu kwa muda. Lakini maji hayajaacha kupanda, yamezibiwa tu njia ya kutokea, basi hupanda juu zaidi, na alama ya unyevu huibuka juu ya ukingo wa lipu mpya. Nyuma ya saruji, chumvi iliyobebwa na maji huganda kuwa chembe zinazotanuka na kuisukuma lipu. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole utasikia uwazi ndani yake; mwishowe hubanduka mapande mapande, ikiondoka na uso wa jiwe.

Wapo wasemao kwamba chokaa ni dhaifu na hutaka kurudiwa kila baada ya miaka. Ni kweli, ila udhaifu huo ndio faida yake: chumvi huila lipu, ambayo hubadilishika, na kuliacha jiwe. Hoja nzito zaidi ni ya vyumba vya chini ya ardhi. Huko chokaa haitoshi, maana maji yaliyojaa kandokando husukuma: kwenye kina cha mita 1, kila mita ya mraba ya ukuta hubeba msukumo wa takriban tani 1. Hapo ni lazima kuziba kwa lami au utando wa plastiki, tena kwa upande wa nje, kwa kuwa rangi iliyopakwa ndani husukumwa ikavimba. Na hata huko, fundi makini hulaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, chini ya ukuta, ili maji yapate pa kwenda. Nyumba mpya za matofali ya saruji nazo huwekewa nailoni au lami juu ya msingi, hivyo maji hukatwa kabla hayajapanda.

Kwenye nyumba ya matumbawe kazi ianzie nje: maji ya paa yaelekezwe mbali, na udongo uliorundikana ukutani uondolewe. Saruji ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke msimu wa kaskazi. Kisha chokaa ipigwe kwa tabaka nyembamba zinazonyunyiziwa maji, kwa sababu haikomai kwa kukauka tu. Hugeuka jiwe tena kwa kufyonza kaboni dioksidi ya hewani, kazi ya wiki nyingi.