Bwana Msa na Kiu Isiyokatika ya Msomaji

Riwaya ya upelelezi, yaani hadithi ndefu inayojengwa juu ya jinai na mtu anayeifumbua, humwahidi msomaji mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: fumbo asilolijua na shujaa anayemjua. Katika kitabu cha kwanza mambo hayo hayagombani, kwa sababu mpelelezi naye ni fumbo. Ugomvi huanza katika kitabu cha mwendelezo, ambamo msomaji anadai kustaajabishwa na mtu aliyekwisha kumzoea.

Hali hiyo inaonekana wazi katika kazi za Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa 1918, ambaye riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililozihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, kisha ikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mvuta kiko mwenye kufikiri kwa utulivu, akiandamana na rafikiye Najum, aliathiriwa waziwazi na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, mwandishi ambaye mwenyewe alimchoka shujaa wake hata akamwua 1893, na wasomaji wakamlazimisha, kwa kilio chao, kumfufua.

Kitabu cha pili, *Kisima cha Giningi*, kilichelewa hadi 1968. Lakini baina ya 1973 na 1976 vikafuatana vinne, kimoja kila mwaka, na humo mauaji yakaanza kupisha siri za ndoa na nasaba. Anayetafuta maiti na mtuhumiwa hukata tamaa hapo, na haki anayo. Hata hivyo mwandishi hakudhoofika, bali alihama, kwani katika jamii ya Visiwani swali la nani ni mtoto wa nani lina uzito usiopungua ule wa damu iliyomwagika.

Msomaji wa Namuwongo, mtaa wa Kampala ulio kando ya reli na eneo la viwanda, akianza na *Siri ya Sifuri* ya 1974 kabla ya kukiona kitabu cha 1960, hatalalamika kama yule aliyevifuata kwa mpangilio, maana kwake kiko na Najum bado ni vigeni. Mazoea, basi, ndiyo yanayoua zaidi kuliko udhaifu wa kalamu, na Abdulla aliyakabili kwa ujasiri 1984, baada ya kimya cha miaka minane, alipokipa kitabu chake jina *Kosa la Bwana Msa*, akimkubalia mpelelezi asiyeshindwa uwezekano wa kukosea.