Intaneti, Kuni na Mapafu: Ngara na Biharamulo

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Kila jiko katika kambi ya Benaco lilihitaji kuni, na miti ya jirani ikakatwa kwa kasi. Hadi leo kaya nyingi za Ngara na Biharamulo hupikia mafiga matatu, na moshi huishia katika mapafu ya mama na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, moshi huo karibu huongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto walio chini ya miaka 5.

Hapa simu yenye intaneti hufaa. Mhudumu wa afya, akiwa penye mtandao, aweza kupakua video ya ujenzi wa jiko banifu la udongo, kisha akaionyesha kliniki ya watoto pasipo akina mama kugharimia bando. Kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria na kutumia kuni kavu hakuhitaji hata fundi.

Video yoyote inayofundisha kuwasha moto kwa plastiki ipuuzwe. Moshi wake una sumu. Jiko la mkaa nalo, hata likisifiwa kuwa rafiki wa mazingira, lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala nalo akaamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu atolewe nje mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya.