CTR ya asilimia 1 kwa tangazo la simu: uko poa ama unaingizwa box?

Mwisho wa mwezi umefika. Yule msee unayemlipa akufanyie matangazo ya mtandao anakutumia skrinshoti kwa WhatsApp, amechora duara nyekundu kwa namba moja: CTR asilimia 4.2. Chini yake ameandika, "Boss, wastani wa teknolojia ni asilimia 1. Tumewapita mara nne!" Wewe uko zako dukani Luthuli Avenue, umezungukwa na simu ambazo hazijasonga tangu wiki jana, na unajiuliza: kama tumewapita watu mara nne, mbona landlord bado ananipigia?

Si lazima huyo msee awe anakudanganya. Hiyo namba inaweza kuwa ya ukweli kabisa, na bado isiongeze hata shilingi kwa till yako.

Tuanzie chini ndio tusiachane njiani. CTR ni hesabu ya darasa la sita: chukua kliki, gawanya kwa mara ambazo tangazo limeonekana, zidisha kwa 100. Likionekana mara 10,000 na libonyezwe mara 100, hiyo ni asilimia 1. Na usione asilimia 1 ni aibu. Tangazo la kwanza la banner kwenye intaneti, la AT&T, lilitokea kwa tovuti ya HotWired Oktoba 1994, na inasemekana asilimia 44 ya walioliona walilibonyeza. Lakini hiyo ilikuwa siku watu hawajawahi kuona kitu kama hicho. Leo mtu anapitisha kidole akiwa kwa mat, na matangazo anayaruka kama mashimo ya barabara.

Sasa hiyo "asilimia 1 ya teknolojia" ilitoka wapi? Ukiifuata nyuma, mara nyingi unafika kwa ripoti ya WordStream ya 2017, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza programu ya kusimamia matangazo. Walichukua akaunti 256 za wateja wao, zote za Marekani, kati ya Novemba 2016 na Januari 2017, wakatoa wastani wa Facebook kwa kila sekta. Wastani wa jumla ukawa asilimia 0.90, na teknolojia ikapata 1.04. Hiyo ndiyo namba unayopimiwa nayo Nairobi: wateja wa Marekani, msimu wa Krismasi, miaka kibao iliyopita. Na "teknolojia" hapo ni kapu kubwa. Anayeuzia makampuni programu ya uhasibu na anayeuza chaja za soo tatu hawako kwa mboka moja.

Lakini hata tukiikubali hiyo ripoti vile ilivyo, kuna kitu ndani yake ambacho wenye kutuma skrinshoti huwa hawakigusi. Ripoti haikuishia kwa CTR. Ilipima pia ni wangapi, baada ya kubonyeza, walifanya kile mwenye tangazo alitaka, kama kununua ama kujaza fomu. Kwa teknolojia walikuwa asilimia 2.31 pekee. Piga hesabu: tangazo limeonekana mara 10,000, wamebonyeza watu 104, waliofanya kitu ni wawili na kidogo.

Cheki sasa sekta ya mazoezi na gym. CTR yao ilikuwa 1.01, yaani chini kidogo ya teknolojia. Lakini waliofanya kitu baada ya kubonyeza walikuwa asilimia 14.29. Kwa zile mara 10,000, hao ni watu 14. Kliki karibu sawa, matokeo mara sita.

Wa kuchekesha zaidi ni wale wa ajira na mafunzo ya kazi. Walishika mkia kwa CTR, 0.47. Ungemletea boss skrinshoti ya hiyo angekufuta siku hiyo hiyo. Lakini kila mtu waliyempata aliwagharimu kama dola 23. Wale wa teknolojia, na CTR yao ya kujivunia, walilipa zaidi ya dola 55 kwa kila mmoja. Yaani aliyekuwa wa mwisho kwa kliki alilipa chini ya nusu ya kile mwenzake alilipa.

Mbona iwe hivyo kwa teknolojia? Maoni yangu ni haya: simu mpya kila mtu anapenda kuiangalia. Mtu anabonyeza aone kamera, alinganishe na yake, amtumie rafiki, kisha anaendelea na maisha. Kuangalia ni bure. Lakini kutoa thao 25 si kitu ya kuamua ukingoja Githurai stage. Mteja wa simu anazunguka wiki nzima, anauliza maduka matano, anangoja mshahara. Kliki ya Jumatatu inaweza kuwa mauzo ya tarehe 30, na pengine atakuja dukani kwa miguu bila kusema alikuona wapi.

Turudi kwa ile 4.2. Kitu cha kwanza cha kuuliza ni: hizo ni kliki za nini? Kwa Ads Manager ya Meta kuna CTR mbili. Kuna ile imeandikwa "all", na kuna ile ya "link". Hiyo ya "all" inahesabu karibu kila kitu: aliyefungua picha, aliyeweka like, aliyebonyeza asome maelezo yote, aliyeingia kwa jina la ukurasa wako kuona wewe ni nani, hata aliyekoment "Bei?" Ile ya "link" inahesabu waliobonyeza kiungo chenyewe. Tangazo moja linaweza kuonyesha 4.2 kwa safu moja na 0.8 kwa safu nyingine, na zote ni ukweli. Msee akiamua kukutumia moja pekee, unajua atakutumia gani.

Hata kliki ya kiungo si mtu aliyefika. Kuna safu nyingine inayohesabu kurasa zilizofunguka kabisa, "landing page views". Kama kliki ni 180 na zilizofunguka ni 90, nusu walikata tamaa njiani. Picha zako ni nzito, bundles zao ni za mbao, hawatangoja. Hapo shida ni tovuti, na hakuna tangazo litaitibu.

Sasa tuongee kuhusu "Bei inbox", kwa sababu hapa ndipo Wakenya tunajichoma wenyewe. Kuficha bei kunapandisha CTR, hilo halina ubishi. Kila mtu anataka kujua. Tuseme umeweka Ksh 2,000 kwa tangazo la kwanza: picha ya simu, "Offer kali, inbox kwa bei." Limeonekana mara 20,000, CTR asilimia 3, hao ni watu 600. Meseji zinaingia hadi usiku. Unajibu, wengi wanasoma bei wanapotea. Unauza simu mbili. Kama faida yako kwa simu ni Ksh 1,500, umepata 3,000, toa pesa ya tangazo, umebaki na thao moja na vidole vinauma.

Tangazo la pili, pesa ile ile, mara 20,000 ile ile. Hili lina bei, GB ngapi, warranty, na jengo mko floor gani. CTR inaanguka hadi 0.9, yaani watu 180. Lakini asiye na hiyo doo amejiondoa mwenyewe kabla ya kubonyeza. Ukiuza simu tano hapo, ni Ksh 7,500 toa 2,000, umebaki na 5,500. Hizi namba ni za mfano wangu, zako zitakuwa tofauti. Ila kwa ripoti ya skrinshoti, tangazo la kwanza ndilo litaitwa bingwa.

Kuna njia zingine za kunenepesha CTR bila kuuza kitu. Andika "giveaway" na uweke picha ya iPhone, watu watabonyeza hadi waugue. Ama acha tangazo likimbie kwa Audience Network, ile sehemu Meta hupeleka matangazo ndani ya app na gemu za watu wengine. Mtoto anacheza gemu kwa simu ya mamake, kidole kinateleza, kliki imeingia. Ama rudisha tangazo kwa wale wale walionunua kwako tayari. Wanakujua, watabonyeza, lakini hao si wateja wapya.

Halafu kuna lengo ulilochagua ukianza. Ukiiambia Meta unataka trafiki, itakutafutia watu wenye mkono mwepesi wa kubonyeza. Ukiiambia unataka watu waache namba zao, itatafuta wengine. Ndio maana WordStream wenyewe waliacha kuweka kila kitu kwa sufuria moja: kwa ripoti yao ya 2024, wastani wa Facebook kwa trafiki ni asilimia 1.57, na kwa kukusanya wateja ni 2.53. Kwa hivyo mtu akikwambia "wastani wa Facebook" bila kusema lengo ni gani, bado hajakwambia kitu.

Na usikimbie kuua tangazo mapema. Kama CTR ya kweli ya tangazo ni asilimia 1, kwa mara 1,000 za kwanza ungetarajia kliki 10. Lakini bahati tu inaweza kukupa 4 ama 16, tangazo ni lile lile. Wasee wengi wanaona 0.4 asubuhi ya kwanza, wanazima, wanaanza lingine, na pesa inaisha kwa kuanza anza.

Kama unataka kujilinganisha na mtu, wachana na Mmarekani wa 2017. Ndani ya Ads Manager kuna safu tatu za "ranking": ya ubora, ya vile watu wanajihusisha na tangazo, na ya vile wanafikia lengo. Zinatokea tangazo likishaonekana angalau mara 500, na zinakupima dhidi ya matangazo yanayogombania watu wale wale unaowataka wewe. Hao ndio wapinzani wako halisi, pengine hata mko jengo moja. Ukiona ya pili iko juu ya wastani na ya tatu iko chini, hiyo ni ile stori ya "Bei inbox": wanabonyeza, hawanunui.

CTR ina kazi yake, sisemi uitupe. Ikishuka polepole wakati watu ni wale wale na tangazo ni lile lile, wamelichoka, badilisha picha. Ikiwa juu kwa picha moja kuliko nyingine, na mauzo pia, hiyo picha ishikilie. Pia inashusha bei: kama unalipa Ksh 100 kwa kila mara 1,000, kliki kwa CTR ya 1 inakutoka shilingi 10, kwa CTR ya 2 inakutoka shilingi 5.

Lakini namba ya kumuuliza yule msee kesho ni moja: nimelipa pesa ngapi kwa kila simu iliyouzika? Akisema hawezi kujua kwa sababu watu wanalipia dukani, hapo ana point, na dawa yake ni daftari kando ya till. Kila anayelipa, muulize alituona wapi, uandike kabla ya kumpa risiti.