Jogoo Mwenye Pembe: Jinsi Picha Mbili Zinavyozaa Mnyama Mmoja

Jogoo amesimama uani kwa majivuno, mkia umejipinda, kucha zimekanyaga vumbi. Lakini mahali pa kilemba chekundu na mdomo pana kichwa cha beberu, chenye ndevu na pembe mbili zilizoinamia nyuma. Mtoto akiiona picha hiyo hucheka. Mtu mzima huisogeza karibu na macho, akaichunguza shingo, akatafuta mahali palipounganishwa; na asipopaona moyo wake husitasita, ijapokuwa akili inamwambia kwamba mnyama wa namna hiyo hajapata kuzaliwa.

Sanaa yenyewe si ngeni. Mwaka 1857 mpigapicha Oscar Rejlander, aliyekuwa akiishi Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja. Kwa miaka mingi baada yake kazi hiyo ilifanywa kwa mkasi, gundi na chumba cha giza, na aliyekosea alianza upya. Kompyuta ndiyo iliyoondoa adha hiyo. Programu ya Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990. Mwaka 1994 ikaongezewa matabaka, yaani uwezo wa kulaza picha moja juu ya nyingine, mithili ya karatasi angavu, bila kuzigandisha. Kwa asiye na fedha za kununua ipo GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, nayo hutolewa bure hadi leo.

Wengi wanaoshindwa katika kazi hii hushindwa kabla ya kuwasha kompyuta. Jogoo hupigwa picha asubuhi, jua likiwa upande wa kushoto. Beberu hupigwa jioni, jua likiwa kulia. Baadaye mwenye picha hushangaa kwa nini kichwa kinang'aa upande mmoja na kiwiliwili upande mwingine. Kosa hilo mara nyingi si rahisi kulisahihisha baadaye. Yafaa basi wanyama wote wawili wapigwe picha katika ua uleule na saa ileile, wakielekea upande mmoja. Siku ya mawingu ni bora zaidi kwa anayejifunza, kwa kuwa nuru hutawanyika na vivuli huwa hafifu. Tena mpigaji apige goti ili kamera iwe usawa wa mnyama. Jogoo aliyepigwa picha kutoka juu hawezi kubeba kichwa cha beberu kilichopigwa kutoka chini.

Jambo jingine ni ukubwa. Kichwa cha beberu kipigwe kwa karibu, kiwe kikubwa kuliko kinavyohitajiwa, kwa maana picha kubwa hupunguzwa bila madhara, ilhali picha ndogo ikikuzwa hupoteza ukali wake na kuwa kama kitu kilichotazamwa ndani ya maji yaliyotibuka.

Kompyuta ikishawashwa, picha ya jogoo huwekwa chini na ya beberu juu yake, kila moja katika tabaka lake. Tabaka la juu hupunguzwa uzito hadi jogoo aonekane kwa chini, kisha kichwa cha beberu hupunguzwa na kusogezwa mpaka jicho lake likae karibu na lilipokuwa jicho la jogoo. Hapo tabaka hurudishiwa uzito wake. Sehemu zisizotakiwa za beberu huondolewa, na ndipo wanafunzi wengi hukimbilia kifutio. Aliyefuta amefuta. Njia bora ni ile iitwayo maski: panapopakwa rangi nyeusi picha hufichika, panapopakwa nyeupe hurejea, na panapopakwa kijivu huonekana nusu. Hakuna kinachopotea, na mtu aweza kurekebisha shingo hata baada ya wiki moja. Mabaki ya kichwa cha jogoo yanayochungulia nyuma ya ndevu hufunikwa kwa kunakili sehemu ya ukuta au ya majani iliyo jirani nayo.

Shingoni ndipo panapotaka saburi. Anayejifunza huchukua brashi nene na laini, akapaka ukungu pale manyoya yanapokutana na nywele. Matokeo yake ni kichwa kinachoelea kama kimetoka katika moshi. Mwili wa mnyama hauna ukungu. Brashi iwe nyembamba, na mkono ufuate mwelekeo wa manyoya, kidogo kidogo, ili baadhi ya manyoya ya jogoo yalale juu ya nywele za beberu na baadhi ya nywele zishuke kati ya manyoya. Beberu akiwa mweupe na jogoo akiwa mwekundu, nywele za shingoni hutiwa wekundu kidogo ili rangi zisikutane ghafla kama mpaka wa mashamba mawili.

Kuna kitu kimoja ambacho karibu kila mtu hukisahau, nacho ni kivuli. Jogoo mwenye pembe amekamilika, shingo haina dosari, lakini chini, mavumbini, kivuli chake bado kina mdomo na kilemba! Ni lazima kivuli nacho kipewe pembe na ndevu.

Kinachofanya picha kama hii iaminike ni kwamba kila nusu yake ni kweli. Jogoo yupo, beberu yupo. Uongo wote uko shingoni. Hila hiyo ilitumika kabla ya kompyuta. Mwaka 1842 Mmarekani P. T. Barnum aliwaonyesha watu wa New York kile alichokiita nguva wa Fiji, nacho kilikuwa sehemu ya nyani na sehemu ya samaki zilizounganishwa. Kwa hiyo haifai kumcheka George Shaw wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambaye mwaka 1799 alielezea ngozi ya platipasi kutoka Australia, mnyama mwenye manyoya na mdomo kama wa bata, na kukiri kwa maandishi kwamba alishuku udanganyifu. Mnyama huyo alikuwa wa kweli.

Kosa la namna nyingine lilitokea kuhusu mnyama wa msitu wa Ituri, nchini Kongo. Sir Harry Johnston, aliyekuwa akiitawala Uganda kwa niaba ya Uingereza, alipeleka London vipande vya ngozi yenye milia. Mwaka 1901 mtaalamu P. L. Sclater, aliyekuwa na vipande hivyo, alimwingiza mnyama huyo katika jamii ya farasi na punda milia. Mwaka huohuo zilipopatikana ngozi nzima na mafuvu ya kichwa, ilidhihirika kuwa ni ndugu wa twiga: huyo ndiye okapi. Vipande vile vilikuwa halisi kabisa. Kilichokosekana ni sehemu nyingine ya mnyama.

Haya si mambo ya kale tu. Picha ya jogoo mwenye pembe ikibaki nyumbani ni mchezo wa jioni. Ikitoka kwenye simu moja kwenda nyingine, kisha mtu asiyejulikana akaongeza maneno kwamba kiumbe huyo ameonekana katika kijiji fulani, wapo watakaokataa kununua kuku wa kijiji hicho, na wapo watakaomtafuta mchawi. Wakati huo aliyeitengeneza hana uwezo wa kuirudisha.

Basi maneno «picha ya kuunganishwa» yaandikwe juu ya mwili wa mnyama wenyewe, wala si pembezoni, kwa sababu pembezoni hukatwa kwa urahisi. Picha mbili za mwanzo zihifadhiwe bila kuguswa, na kazi yote ifanywe juu ya nakala. Familia inayopenda kuichapisha picha hiyo na kuitundika ukutani yaweza kuzipanga zote tatu pamoja: jogoo, beberu, na yule wa tatu. Wageni watazitazama kwa zamu, na fundi aliyesahau kivuli atagunduliwa na mtoto wa kwanza atakayepita.